Chéri Samba ameishiwa au amehama? Angalia kilichoko nyuma ya watu

Swali limetoka kwa kijana wa Mwanza, mchana anachora vibao vya saluni na maduka pale Kirumba, usiku anachora picha zake mwenyewe, mitaa ya jiji imejaa mastaa, wanasiasa na wachezaji mpira wakifanya vituko. Anauliza hivi kwa kifupi: ameangalia picha za mchoraji Chéri Samba wa Kinshasa, Kongo, za miaka ya 80 na zile za miaka ya 2000, anaona kama zimechorwa na watu wawili tofauti, za zamani mtaa mzima umejaa mpaka kwenye kona, za baadae unakuta sura ya Samba mwenyewe na anga nyuma yake basi. Je mzee ameishiwa? Ni hela za wazungu zimemharibu? Na yeye ambaye wenzake wanamwambia picha zake zina vitu vingi mno, je azisafishe kama Samba alivyosafisha za kwake? Na maneno kwenye picha aandike lugha gani? Ametuma na picha zake tatu.

Mdogo wangu, swali lako zuri sana na ntalijibu kwa urefu maana wengi wanaompenda Samba wanaangalia watu tu kwenye picha zake, nani amevaa nini, nani amemshika nani, wanacheka wanapita. We umeangalia nyuma ya watu na huko ndiko historia yake yote ilipo. Jibu fupi ni kwamba hajaishiwa, kilichobadilika ni mtu anayemchorea, na mtu huyo alivyobadilika ardhi iliyoko nyuma ya picha nayo ikabadilika. Sasa twende taratibu.

Samba alizaliwa 1956 kijijini Kinto M'Vuila, Kongo ya chini, akaingia Kinshasa 1972 akiwa kijana mdogo kabisa, na kazi aliyoipata ni hiyohiyo unayoifanya wewe, kuchora vibao na matangazo ya maduka. Mwaka 1975 akafungua karakana yake barabarani, na hapo zingatia neno barabarani, sio ndani kwenye jumba fulani, ni pale watu wanapita kwenda sokoni, kazini, baa. Wakati huohuo alikuwa anachora katuni kwenye gazeti la vijana la Kinshasa, Bilenge Info. Kwa hiyo ana shule mbili kwa pamoja, kibao kinachotakiwa kusomeka na mtu aliyeko kwenye gari linaloenda, na katuni yenye maneno yanayotoka midomoni. Ukizichanganya hizo mbili ndio unapata picha ya Samba ya mwanzo, watu wamejipanga mbele kama kwenye jukwaa, rangi kali zisizo na vivuli vingi, na maandishi, maandishi kila mahali. Mwenyewe ameshaeleza kwamba aligundua watu wanapita karakanani wanatupia jicho wanaondoka, akaweka maneno ili mtu alazimike kusimama asome, na akisimama ndio ataona picha yenyewe. Maneno hayo yakawa alama yake.

Na usidhani alikuwa peke yake, hili ni muhimu kwa swali lako. Kinshasa ya miaka ya 70 ilikuwa na kundi zima la wachoraji wa namna hii, kulikuwa na Moke ambaye alizaliwa 1950 na alipenda kuchora baa, bia, wanamuziki, misafara ya wakubwa, na pambano la Ali na Foreman la 1974 pia alilichora, kulikuwa na Pierre Bodo, na baadae mdogo wake Samba mwenyewe, Cheik Ledy. Mwaka 1978 yakafanyika maonesho pale Kinshasa yaliyoitwa Art partout, na hapo ndipo watu wa chuo cha sanaa walipolazimika kukubali kwamba hawa wa barabarani ni wachoraji. Wenyewe walijiita wachoraji wa sanaa ya watu, yani picha inayotoka kwa watu na kurudi kwa watu, na hilo hawakulisema kama kaulimbiu tu, wateja wao walikuwa kweli majirani, wenye baa, wafanyakazi, mtu ananunua picha anaitundika sebuleni kwake ukutani.

Sasa angalia mandhari ya picha hizo za mwanzo. Nyuma ya watu kuna nyumba za mabati, mashimo barabarani, taa ya umeme iliyokatika, kitanda, chandarua, ndoo. Kuna za wanaume wenye nyumba ndogo, kuna za vijana wanaotaka kuvaa kama masapeur, wale wapenda mavazi ya kifahari, maana huo ndio wakati Papa Wemba anawafundisha vijana wa Kinshasa kwamba suti ni dini. Kila kitu kilichoko nyuma kina kazi, ukiona godoro limechanika unajua huyu bwana anayevaa viatu vya bei mbaya vya Weston hela zake anapeleka wapi. Dhihaka iko hapo, katikati ya mtu anavyojidai na ardhi anayoikanyaga. Mtu wa Matonge, mtaa wa Kinshasa, hahitaji kuelezwa, anaijua hiyo nyumba, anaujua huo mtaa, pengine anamjua na huyo bwana.

Kuna sababu nyingine ya mtaa kujaa hivyo nayo ni Mobutu, mtawala wa nchi wakati ule. Kumchora mkubwa moja kwa moja ukimcheka haikuwa kitu cha kufanya ukategemea kulala nyumbani, kwa hiyo dhihaka ikashuka chini, ikaenda kwa waume, wake, madaktari, polisi, walimu, na ukubwa wa uozo ukaonekana kwenye vitu, kwenye barabara na bomba lisilotoa maji. Serikali haipo kwenye picha lakini matokeo yake yapo kila pembe. Ndio maana nasisitiza sana kwamba mandhari kwenye picha za namna hii sio mapambo, wakati mwingine yenyewe ndiyo yanayosema lile ambalo watu waliochorwa hawaruhusiwi kulisema.

Na hapa nikupeleke kidogo Lubumbashi, kusini mwa Kongo, maana kule ni Kiswahili chetu na wengi hawajui kabisa. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947, alichora historia yote ya nchi yake katika picha 101 mwaka 1973 na 1974, alizichora kwa ajili ya Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyekuwa anafundisha kule, na maelezo ya kila picha aliyatoa kwa Kiswahili, yalirekodiwa, yapo, na picha zenyewe zikaishia makumbusho ya Amsterdam. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 80. Yeye hakuwa mtu wa kuchekesha kama Samba, ila ukitaka kujifunza namna ardhi inavyoongea kaangalie picha za Lubumbashi za wakati ule, bomba refu la moshi la mgodi na mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Ukiiona ile mistari miwili nyuma ya watu, mmoja umesimama na mwingine umelala, huhitaji mtu akuambie ni mji gani na nani anaumiliki. Picha aina ya Colonie belge, yani koloni la Wabelgiji, ile ya ua wa gereza, askari, mfungwa anachapwa viboko na bendera juu, zilichorwa tena na tena na wachoraji wengi kwa sababu kila nyumba ilitaka yake. Kurudia picha huku kwetu haijawahi kuwa dhambi, kumbuka hilo ntalirudia baadae.

Turudi kwa Samba. Mwaka wa kugeuka ni 1989. Yalifanyika Paris maonesho makubwa, Magiciens de la terre, Jean-Hubert Martin ndiye aliyeyaandaa, wakawekwa pamoja wasanii wa Ulaya na Marekani na wasanii wa Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na visiwani, na Samba alikuwemo. Tajiri Jean Pigozzi aliona maonesho yale akaanza kukusanya sanaa ya Afrika akisaidiwa na André Magnin, na tangu hapo Samba akawa na mnunuzi ambaye hapiti kwa miguu mbele ya karakana yake. Kwa hiyo ndio, hela za wazungu zimo kwenye hadithi, sitakuficha. Ila usikimbilie kusema zimemharibu, angalia kwanza alichokichora mwaka huohuo wa 1989.

Picha inaitwa Paris est propre, Paris ni safi. Mandhari ni Paris yenyewe ya kadi za posta, mnara wa Eiffel kabisa, na mbele yake wafanyakazi wahamiaji wanasafisha barabara. Maneno aliyoandika yanasema kwa maana yake kwamba Paris ni safi kwa sababu yetu sisi wahamiaji tusiopenda kuona mikojo na mavi ya mbwa, bila sisi mji huu ungekuwa lundo la kinyesi. Mimi hii kwangu ndio picha yake bora kuliko zote na ntakuambia kwanini. Angalia alichofanya, amechukua mbinu ileile ya Kinshasa, mtu anayejidai juu ya ardhi inayomuumbua, akaigeuza kichwa chini. Kinshasa anayejidai alikuwa mtu na anayemuumbua ni mtaa. Paris anayejidai ni mji wenyewe na wanaouumbua ni watu walioshika mifagio. Mandhari maarufu kuliko yote duniani, ile inayouzwa kwenye vikombe na fulana, ameichora kwa mkono uleule wa mchora vibao, bila kuipamba, na ghafla unaiona kama mtaa wowote unaohitaji kufagiwa. Mtu asiye mchora vibao asingeweza kuichora hivyo, angeuogopa ule mnara.

Kwa hiyo mabadiliko ya kwanza sio kwamba mtaa umepotea, ni kwamba mtaa umebadilishwa. Na wakati huohuo likaanza jambo la pili, sura yake mwenyewe. Kuanzia mwisho wa miaka ya 80 Samba anaingia kwenye picha zake, mwanzo kama mmoja wa watu halafu polepole anakuwa mkubwa, anakuja mbele. Watu wanasema majivuno, sikubali. Mtu wa Kinshasa akicheka jirani yake kila mtu anajua anayecheka ni nani, ila ukiwa Paris mtazamaji hakujui, anakuona kama "mchoraji wa Kiafrika" asiye na jina wala uso, kama vile vinyago makumbusho vinavyoandikwa kabila bila jina la aliyechonga. Kuweka uso wake pale ilikuwa ni kusema mimi ndiye ninayesema haya, niangalie. Mwaka 1997 alichora kazi ya picha tatu, Quel avenir pour notre art?, sanaa yetu ina mustakabali gani, amejiweka na Picasso, na swali linaenda mpaka kwenye milango ya jumba la sanaa ya kisasa Paris, kwamba je kukubaliwa humo ndani ndio kuwa msanii? Humo anamcheka Picasso aliyechukua vinyago vyetu, analicheka jumba, anajicheka na mwenyewe kwa kutamani kuingia. Hebu niambie, mtu aliyeishiwa anachora hivyo?

Ufundi nao ulihama na hapa wewe kama fundi utanielewa haraka. Za mwanzo wachoraji wale walitumia sana kitambaa cha magunia ya unga, na rangi iliyopatikana, sura za watu ni aina za watu, mume, mke, afisa, mtoto wa mjini, sio mtu fulani. Baadae ni rangi ya akriliki kwenye kanvasi nzuri, ngozi inang'aa, sura ni ya mtu kamili utamtambua barabarani, na juu anamwagia vile vimetameta vya glita. Glita wengi wanaidharau wanasema ni ya saluni. Ni ya saluni kweli na ndio uzuri wake, amebeba kung'aa kwa baa na saluni za Kinshasa akapeleka mng'ao huo ukutani Paris bila kuomba ruhusa, na ukisimama mbele ya kazi zenyewe sio kwenye simu utaona glita haikai popote tu. Kwenye simu hiyo inapotea kabisa, usimhukumu kwa simu.

Sasa zile za anga tupu zinazokukera. Nazo sio za aina moja.

J'aime la couleur, ya 2003, ndio inayojulikana kuliko zote, kichwa cha Samba kimekatwa kwa mzunguko kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika, brashi mdomoni, nyuma bluu. Mwenyewe ameshasema rangi ni ulimwengu, ulimwengu ni maisha. Nikuambie ukweli wangu, naiheshimu lakini haiumi. Dhihaka ndani yake ni ndogo, ni picha ya mtu anayeipenda kazi yake na kuitangaza, na amezichora za namna hiyo zaidi ya moja. Ukisema hapa pameisha moto nakubaliana na wewe nusu. Nusu tu kwa sababu nimeshakuambia kurudia picha ni desturi ya kazi hii, mwenzake wa Lubumbashi alirudia Colonie belge na wetu wa Tingatinga wanarudia tausi na tembo na hatuwaiti wezi, mteja akitaka ileile unampa ileile. Tofauti ni kwamba yule wa Lubumbashi alikuwa anarudia jeraha.

Lakini mwaka mmoja baadae, 2004, kuna Problème d'eau, shida ya maji. Samba amepanda roketi anaenda sayari ya Mars kuwatafutia watu wake maji. Hapo anga sio tupu hata kidogo! Ile anga ndiyo mandhari, ndiyo barabara ya kwenda kuchota maji. Fikiria mtu wa Kinshasa ana mto wa pili kwa maji mengi duniani unapita mbele ya mji wake, halafu bombani hakuna kitu, na wakati huo mataifa makubwa yanatuma mitambo Mars kutafuta dalili za maji na magazeti yote yanashangilia. Ameunganisha hayo mawili kwenye picha moja, na mtaa ule wa zamani wenye ndoo na bomba kavu bado umo, ila umetolewa kwenye jicho umewekwa kwenye kichwa cha mtazamaji. Za mwanzo alikuwa anakuonesha ndoo, hapa anategemea uijue.

Na 2011 akachora La vraie carte du monde, ramani ya kweli ya dunia, kusini iko juu, Afrika kubwa inavyotakiwa kuwa, na maneno yametoka kwa Lilian Thuram, yule beki wa Ufaransa aliyechukua Kombe la Dunia 1998 ambaye baadae akawa mwandishi na mpinga ubaguzi. Hii naichukulia kama mwisho wa safari ya mandhari yake, alianza na chumba chenye chandarua, akaenda mtaa, akaenda Paris, akapanda angani, na kutoka kule juu akageuka akaichora ardhi yote kwa mara moja. Ramani ni mandhari pia, tena ni mandhari yenye uongo mwingi kuliko zote kwa sababu tumefundishwa shuleni kwamba sio picha ya mtu fulani, ni ukweli. Na yeye mchora vibao akaichora upya kama kibao kilichoandikwa vibaya.

Kwa hiyo unaona ninachosema. Anayempitia kwa miguu Kinshasa anajua mtaa, unaweza kumchorea mtaa wote na kila msumari utamwambia kitu. Anayemtazama Paris, Venice, New York hajui mtaa ule, ukimchorea nyumba za mabati anaona "umaskini wa Afrika" basi anasikitika anaondoka, msumari haumwambii kitu. Samba akalazimika kutafuta ardhi ambayo wote wanaijua, mnara wa Eiffel, anga, ramani, uso wa mtu. Amepata ukubwa na amepoteza harufu. Mimi binafsi nazikumbuka zaidi zile zenye harufu, ila siwezi kumdai mtu aliyevuka miaka 60 aendelee kuchora chumba cha kupanga cha kijana wa miaka 22.

Uangalie na mwenzake Bodo ulinganishe. Naye alianza na mitaa na vituko, naye alikuwa mhubiri pia wa kanisa, na miaka ya 2000 akahama kabisa akaingia kwenye ndoto, masapeur wenye vichwa vya ajabu, mimea, wanyama, rangi kama maono. Alifariki 2015, mwaka uleule Paris ilipofanya maonesho ya Beauté Congo yaliyoonesha karibu miaka 90 ya uchoraji wa Kongo. Bodo aliiacha ardhi moja kwa moja, Samba hakuiacha, aliipandisha. Na Nairobi kuna mchoraji Bertiers, ambaye naye alitoka kwenye vibao vya baa, yeye amefanya kinyume, amekwenda duniani kwa kuzidi kujaza, viongozi wa dunia na mastaa na walevi wote wamebanana ndani ya baa moja ya Kenya, kila kona kuna kisa kingine, unaweza kukaa nayo saa nzima. Michael Soi naye wa hukohuko Nairobi mara nyingi anaweka rangi bapa nyuma, watu wake wa mistari minene wengi hawana mtaa wala chumba, na bado picha zake za China Loves Africa, China inaipenda Afrika, zinachoma. Nakutajia hawa ili ujue kwamba kujaza na kusafisha zote ni njia, hakuna iliyo ya kitoto na iliyo ya kikubwa.

Sasa picha zako. Wenzako wanasema zina vitu vingi. Fanya hivi, chukua karatasi ufunike watu wote kwenye picha, ubaki na mandhari peke yake, halafu jiulize kama hiyo sehemu bila watu inakuambia kitu. Ya kwanza uliyonitumia, ya mastaa wamekaa juu ya mawe ya Bismarck na simu mkononi, nimefunika watu nikabaki na mawe, maji, mawingu, kazi nzuri ya mkono lakini ni kadi ya posta, ningeweza kuitundika hotelini. Pale tatizo sio wingi, ni kwamba ziwa halijui hao watu wamekuja. Ziwa liko kama lilivyo kwenye kalenda. Ungechora magugu maji, ungechora wale mama wanaokausha dagaa wamesukumwa pembeni kupisha kamera, hapo ardhi ingeanza kujibu.

Ya tatu, ile ya kituo cha daladala mvua imenyesha, mheshimiwa amebebwa mgongoni kuvushwa maji huku mchezaji mpira anapiga danadana kwenye dimbwi, hiyo ukifunika watu inabaki na nguvu zake zote. Mtaro umeziba, bango la mradi wa barabara limesimama ndani ya maji, kiatu kimoja kinaelea. Tafadhali usiisafishe hiyo. Usitoe hata kiatu. Wanaosema vitu ni vingi wanaangalia kwenye simu, picha yako ina upana wa zaidi ya mita moja na mtu wa Kirumba akisimama mbele yake atasoma kila kitu kwa sababu ni kwake. Kitu pekee ambacho ningekigusa ni ukubwa, vitu vyote umevipa uzito sawa, jicho halijui lianzie wapi, na hilo unalijua tayari kutoka kwenye vibao vyako maana hakuna kibao ambacho jina la duka na namba ya simu vina ukubwa mmoja. Mkubwa awe mmoja, wengine wapungue rangi kidogo, sio wapungue idadi. Ya pili sijaisema kwa sababu naona bado haijaisha, nitumie ikikauka.

Usihame kwenda kwenye anga kwa kuwa Samba yuko huko. Yeye alihama baada ya miaka karibu kumi na tano ya kuchora mtaa mmoja na baada ya mtazamaji wake kuhama kwanza. Wa kwako bado yuko hapo nje anasubiri gari la Igoma.

Kuhusu lugha, Samba aliandika Kilingala na Kifaransa, pengine zote kwenye picha moja, na wasemaji wake hawaongei kama vitabu, wanaongea kama wanavyoongea. Alivyozidi kwenda nje Kifaransa kikaongezeka na maelezo yakawa marefu, na kuna picha za baadae ambazo naona maneno yanafanya kazi ambayo zamani ingefanywa na godoro lililochanika. We andika Kiswahili cha kituoni, na kama mama wa dagaa ni Msukuma mwache aongee Kisukuma, usimtafsiri chini. Kiingereza weka pale tu ambapo kwenye maisha kweli kipo, kwenye bango la mradi, kwenye fulana ya mtumba, kwenye mdomo wa mheshimiwa anapotaka asieleweke. Na hakikisha tahajia, mtu akiona kosa kwenye kibao chako cha saluni anacheka anaendelea na safari, ila kwenye picha ya dhihaka akiona kosa ambalo hukukusudia ataacha kucheka anachotakiwa kucheka.